Shavu la Pili

Pingamizi la kwanza la papa halikuhusu mateke, lilihusu kuinama. Yeye ni katekista, ameliongoza shirika letu hapa Mavivi tangu sijajua kusoma, na kuna mtu alikuja kumnong'oneza kwamba binti yake, mwalimu mzima wa watoto wa primeri, anakwenda jioni kuinamia ukuta. Kuinama tunainama kweli. Tukifika uwanjani tunapanga mistari, wenye mikanda ya juu mbele, wenye mikanda myeupe nyuma. Ikitoka sauti ya "charyeot" visigino vinakutana; ikitoka "kyongne" vichwa vinashuka, kwanza kwa bendera ya Kongo ambayo Metre, mwalimu wetu wa taekwondo, aliichora mwenyewe ukutani, samawati yake na nyota yake ya njano na mstari mwekundu wa mshazari, halafu kwa Metre. Na Metre naye anatuinamia.

"Mwanangu," papa aliniuliza, "kichwa cha Mkristo kinashuka mbele ya nani?"

Nilimjibu kwa Biblia yake mwenyewe. Nilimkumbusha Naamani, jemadari wa Aramu, aliyeponywa ukoma mtoni Yordani, kisha akamweleza Elisha jambo moja lililomkaa rohoni: mfalme wake akiingia katika hekalu la Rimoni humwegemea mkononi, naye hana budi kuinama pamoja naye. Nabii hakumkaripia, alimwacha aende kwa amani. Nikamkumbusha pia jinsi Abrahamu alivyowainamia Wahiti alipokuwa akitafuta mahali pa kumzika Sara. Papa alisikiliza yote, lakini kilichomtuliza hakikuwa Naamani wala Abrahamu. Kilikuwa kile kipande cha mwisho cha habari yangu, kwamba Metre naye huinama. "Sanamu hairudishi heshima," alisema. "Hiyo basi ni salamu."

Hilo likaisha. Likabaki lile kubwa, ambalo tumelijadili jioni nyingi na ambalo ndilo linalonifanya niandike: mfuasi wa Yesu, aliyeagizwa akipigwa shavu moja ageuze na la pili, anawezaje kutumia jioni zake kujifunza kulifikia shavu la mwenzake kwa unyayo?

Wenzangu wengi hujibu kwamba huu ni mchezo tu. Ni mchezo kweli, na mkubwa: ni mchezo kamili wa Olimpiki tangu Sydney mwaka 2000. Rosa Keleku alivaa rangi za Kongo katika taekwondo kule Rio mwaka 2016, na katika michezo hiyohiyo Cheick Sallah Cissé aliipatia Kodivaa medali yake ya kwanza ya dhahabu, kwa teke la kichwani sekunde ya mwisho kabisa. Lakini tazama jinsi mchezo wenyewe unavyolipa. Ngumi ya kifuani ni pointi 1, teke la kifuani 2, teke la kichwani 3, na ukilipiga kichwa kwa teke la kugeuka mgongo unapata 5. Kichwa ndicho chenye bei kubwa. Anayeniambia ni mchezo tu hajanijibu. Amelihamisha swali upande mwingine wa uwanja.

Wengine husema ni kujihami. Jibu hilo linaweza kutolewa Nairobi au Brussels. Hapa linatia haya. Mavivi iko kando ya barabara ya taifa namba 4, kaskazini ya mji wa Beni, njia ya kwenda Mbau, Oicha na Eringeti. Wageni wanajua jina letu kwa sababu ya uwanja wa ndege na kambi ya MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Upande wa Ngadi, si mbali na kwetu, ndipo Kanali Mamadou Ndala alipouawa katika mtego tarehe 2 Januari 2014, na tangu Oktoba ya mwaka huo wauaji, wanaotajwa zaidi kwa jina la ADF, wamekuwa wakiingia vijijini na kwenye mashamba ya kakao kwa panga, shoka na bunduki. Mei 2021 mkoa wote uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Mwishoni mwa Novemba mwaka huohuo jeshi la Uganda liliingia kupigana pamoja na letu. Watu wameendelea kuzikwa. Hakuna mtu hapa anayedhani kwamba apchagi, teke la mbele, litamzuia mwenye kalashnikovu, na Metre ndiye wa kwanza kulisema. Kila anayejiandikisha anaambiwa hivi: ukiona bunduki kimbia, ukiona panga kimbia, na kama kuna mtoto karibu nawe mbebe ukimbie naye. Baada ya hapo ndipo anapoonyeshwa namna ya kufunga mkanda.

Kwa hiyo tunajifunza sanaa ambayo haitatuokoa na kile tunachokiogopa kuliko vyote. Na bado tunakwenda.

Klabu yetu haina jengo. Ni uwanja nyuma ya shule, udongo uliokanyagwa mpaka ukawa mgumu, na mvua ikinyesha tunahamia darasani na kusukuma madawati ukutani. Raketi za kupigia mateke Metre amezishona kwa mipira ya ndani ya baiskeli na soli za kandambili. Kimono nyingi zimeshonwa na fundi wa sokoni kwa shuka nyeupe; asiye na shuka anavaa kaptura ya shule. Tunaanza mapema na kumaliza mapema, kwa kuwa giza likiingia kila mtu anatakiwa awe kwao. Wengi katika sisi ni watoto wa familia zilizokimbia kutoka upande wa Mbau, Mayimoya na Eringeti, wanaolala kwa jamaa au katika parseli za kupanga.

Kuna zoezi moja ambalo lazima nilieleze polepole, kwa sababu ndilo lililonifungulia Injili. Wawili wanatazamana. Mmoja anasimama wima, mikono chini, bila kinga yoyote. Metre anamuuliza kwa sauti: "Umekubali?" Anauliza kila mara, hata kama mtu huyo amelifanya zoezi hilo jana na juzi. Asipojibu kwa kinywa chake mwenyewe, haliendelei. Akikubali, mwenzake anarusha doliochagi, teke la kuzungusha, kulielekeza shavuni, na kulisimamisha kabla halijagusa. Si kulipunguza nguvu tangu mwanzo. Ujanja huo Metre anauona papo hapo na anakurudisha kuanza upya. Goti linapanda kwanza mpaka usawa wa kiuno, mguu uliobaki chini unazunguka juu ya vidole vyake, nyonga inafunguka, unyayo unatoka kwa kasi yake yote, na ukifika upana wa kidole kutoka kwenye shavu, unakwama hewani. Kazi yote iko hapo. Misuli ya nyuma ya paja inavuta, tumbo linakaza, mguu wa chini unatetemeka udongoni. Halafu unarudi njia ileile uliyotokea, unyayo mpaka gotini, goti mpaka chini. Wanaoanza husahau kurudi. Wanauacha mguu uanguke popote utakapoangukia. Metre husema teke halijaisha mpaka mguu umerudi.

Ninayepangwa naye mara nyingi ni kijana aliyekimbia kutoka upande wa Eringeti, mpole, asiyesema sana, mwenye kovu la shambani linalokata kiganja chake kutoka kidole cha shahada mpaka kifundo. Mwanzoni, zamu yake ya kusimama ilipofika, alikuwa akijibu "nimekubali" halafu anafumba macho kabla sijanyanyua hata kisigino. Aliyekuwa akimwogopa hakuwa mimi. Metre hakumkemea wala hakumsifu. Alimwambia tu kwamba kukubali hakuharakishwi. Siku ilifika akayaacha macho wazi. Ninakumbuka alivyonitazama wakati unyayo wangu umesimama kando ya sikio lake: hakuutazama mguu, alinitazama mimi.

Halafu zamu ikageuka, nami nikasimama mikono chini. Upepo wa teke unaufika uso kabla ya kitu kingine chochote. Hapo ndipo nilipoyasikia maneno ya Bwana kwa namna ambayo sikuwahi kuyasikia kanisani.

Tumezoea kulisoma agizo la shavu la pili upande wa aliyepigwa. Avumilie, anyamaze, asilipize. Kwa namna hiyo linakuwa agizo la wanyonge, na wenye nguvu hawana neno ndani yake. Lakini aliye pale na mikono chini anamfanyia mpigaji jambo fulani. Pigo la kwanza linaweza kumponyoka mtu: hasira imempanda, amelewa, mkubwa wake amemwamuru. La pili hawezi kusema limemponyoka. Shavu la pili linamsimamisha mpigaji mbele ya mkono wake mwenyewe na kumuuliza kama anauweza. Ni agizo kwa aliyepigwa, na ni swali kwa anayepiga, na mahubiri yetu yamesahau nusu hiyo.

Ndivyo Yesu mwenyewe alivyofanya. Katika sura ya 18 ya Yohane, mbele ya Anasi, askari mmoja anampiga kofi. Hakugeuza uso kimya kimya, jinsi picha za katekisimu zinavyotuzoesha. Aliuliza. Alimtaka yule askari ataje ubaya uliosemwa, na kama haupo, aeleze sababu ya kumpiga. Mwenye kufungwa mikono ndiye aliyemuuliza mwenye mikono huru. Injili haituambii askari alijibu nini. Swali lilibaki kwake.

Swali hilo linamtaka anayeulizwa awe na uwezo wa kusimama. Mimi nadhani tumeukosea uwezo huo mahali pake. Mahubiri yote niliyosikia juu ya hasira yaliuelekea moyo: moyo ukitakaswa, mkono utatii. Ninafundisha mwaka wa tatu wa primeri, na darasani sioni hivyo. Helikopta ya MONUSCO ikipita chini chini, watoto wa Mavivi hawanyanyui hata kichwa. Lakini upepo ukiufunga mlango kwa kishindo, wapo watakaokuwa chini ya dawati kabla sijageuka kutoka ubaoni. Hakuna aliyewafundisha kwa maneno. Ukiwauliza wamejificha nini, wengine wanashangaa kujikuta pale. Hofu iliingia miguuni bila kupitia akilini, na mawaidha yangu ya upole yanapita juu ya vichwa vyao bila kuifikia. Basi kama hofu inakaa mguuni, na hasira ni ndugu yake, amri ya Mungu nayo lazima ishuke mpaka huko. Hakuna aliyewahi kunifundisha katika katekisimu namna ya kuishusha.

Namfikiria mara nyingi Parfait Hakizimana, Mrundi ambaye akiwa mtoto alijeruhiwa mkono katika shambulio lililomuua mama yake. Mwaka 2015 alikimbilia Rwanda, na katika kambi ya Mahama akawafundisha taekwondo wakimbizi wenzake, kabla ya kwenda kushindana katika Michezo ya Paralimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021. Mwili wake ulikuwa umefundishwa na vita jambo moja. Yeye akaufundisha jingine, kisha akafundisha miili mingine.

Padri wetu, nilipompelekea mawazo haya, alinipa wazee wawili wa Kanisa. Wa kwanza ni Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyeandika katika karne ya 13 kwamba mtu anaweza kuikinga nafsi yake hata kwa nguvu, mradi nguvu hiyo isizidi kiasi kinachohitajika. Ikizidi, kujihami kwake kunageuka dhambi. Kila kitu kwa Tomaso kinategemea kiasi. Lakini kiasi anakijua nani katikati ya ghadhabu? Anayeweza kuusimamisha mguu upana wa kidole anakijua. Asiyejizoeza ana pigo moja tu, lile kubwa kabisa, na akiguswa hana jingine la kutoa. Nilimwambia padri kwamba Tomaso ametuandikia sababu ya kuwa na klabu. Alikubali nusu.

Wa pili ni Ambrosi, askofu wa Milano katika karne ya 4, na huyu ndiye aliyeninyima usingizi. Ambrosi hapendi Mkristo apigane kuokoa uhai wake mwenyewe. Lakini anasema kwamba asiyemkinga jirani na uovu, hali anaweza, ana hatia sawa na anayeutenda, na anamtaja Musa aliyemtetea Mwebrania mbele ya Mmisri. Ni rahisi kumsoma Ambrosi na kuwafikiria wauaji wa msituni. Shida ni kwamba Mavivi na Beni, jirani wa kukingwa wakati mwingine anakingwa dhidi yetu sisi.

Mwishoni mwa Oktoba 2014, mjini Beni, abiria wa basi walimshuku kijana mmoja kwa sababu hakujua Kiswahili cha hapa na alikuwa amebeba panga. Umati ulimpiga mawe mpaka akafa, ukamchoma, na yaliyofuata magazeti ya nje yaliyaandika, mimi sitayaandika. Panga, katika nchi ya wakulima. Waliofanya hivyo hawakutoka porini. Walikuwa watu wa mitaa yetu, ambao mwezi uleule walikuwa wakizika ndugu zao, na ninajua uchungu huo kwa sababu ninaishi ndani yake. Siwasemi kwa kuwahukumu kutoka mbali. Nasema kwamba adui ambaye ninaweza kweli kumzuia, kwa mguu huu na mkono huu, ndiye huyo anayeamka ndani yangu nikisikia mtu akipaza sauti, "Ni wao!"

Niliisikia sauti hiyo kwa masikio yangu, miaka baadaye, kwenye parkingi ya motari kando ya barabara. Mwanamume mmoja mgeni alikuwa ameulizia njia ya mkato ya kwenda mashambani. Lafudhi yake haikuwa ya hapa. Mmoja akamuuliza swali kwa Kinande, akashindwa kujibu. Mwingine akamnyang'anya mfuko. Watu wakaongezeka, na mawe yakaanza kuokotwa. Metre alikuwa akipita na baiskeli yake. Hakumshika mtu, hakurusha teke. Alitoa sauti ileile anayoitoa uwanjani kuwatenganisha wanaopigana: "Kalyeo!"

Kati ya waliokuwa na mawe walikuwamo vijana watatu wa klabu. Mikono yao ikasimama. Nilikuwa nikimtazama mmoja wao usoni, na niliona vizuri: mkono ulisimama kwanza, uso ukaelewa baadaye. Waliokuwa nyuma yao nao wakasita, kwa kuwa mtu hujitupa kwa urahisi nyuma ya anayejitupa, na hakukuwa tena na wa mbele. Metre akaingia katika nafasi hiyo ndogo, akasimama kando ya yule mgeni, viganja vimefunguliwa, akianza kuzungumza na watu mmoja mmoja, papa fulani, mama fulani, kwa majina yao. Wale vijana watatu wakayaangusha mawe wakaenda kusimama naye. Nami nikaenda upande wa pili. Polisi walimchukua akiwa mzima. Jioni ikajulikana kwamba alikuwa mnunuzi wa kakao kutoka Ituri.

Nilipomsimulia papa nilidhani hoja imekwisha. Akakaa kimya, kisha akasema neno ambalo mpaka leo ndilo pingamizi zito kuliko yote niliyosikia.

"Mkono unaotii kabla uso haujaelewa, mwanangu, huo ni mkono wa kadogo, askari mtoto. Niliwaona walipopita hapa na Mzee Kabila, 1996 kwenda 1997. Watoto wadogo. Walikuwa wanatii hivyohivyo. Nani amekuhakikishia kwamba sauti siku zote itasema simama?"

Historia iko upande wake. Choi Hong Hi, aliyelipendekeza jina la taekwondo mwaka 1955, alikuwa jenerali, na wengi wa wanafunzi wake wa kwanza walikuwa askari. Wanamgambo wa Mai-Mai nao, kabla ya kumpa kijana bunduki, walimpa maji na masharti ya mwili, usiguse hiki, usile kile, mpaka mwili ukawa wa wengine. Kuuzoesha mwili kuitika si jambo jema lenyewe kwa lenyewe. Anayeunda mtakatifu na anayeunda muuaji wanapita njia moja, na anayelikana hilo hajawahi kuishi Beni.

Nililibeba neno la papa siku nyingi. Mwanzoni nilimjibu kwamba sisi tunafundishwa kusimama, wao walifundishwa kwenda. Kwamba zile pumse nane za Taegeuk, mifuatano ya kinga na mapigo, tunazojifunza kuelekea mkanda mweusi, kila moja inaanza kwa kinga, hakuna hata moja inayoanza kwa pigo. Ni kweli, lakini haitoshi. Kinga inaweza kugeuzwa kuwa pigo na kamanda yeyote mwenye akili.

Tofauti niliyoiona baadaye iko katika zoezi lile la shavu, na nusura nisiione kwa kuizoea. Metre naye husimama. Zamu yake inafika, anaishusha mikono, na mtoto wa mkanda wa njano anamuuliza kwa sauti nyembamba: "Metre, umekubali?" Naye anapaswa kujibu mbele yetu sote. Halafu mguu wa mtoto yule, ambao hauna usahihi wowote bado, unakuja kuelekea uso wake. Mara nyingine unampata. Anainama, anamshukuru, zoezi linaendelea. Kamanda wa kadogo hakubadilishana naye zamu hata siku moja. Hakumuuliza mtoto kama amekubali, na hakuna mtoto aliyemuuliza yeye. Sauti inayodai utii wangu bila kulileta shavu lake mwenyewe, hiyo papa ana haki ya kuiogopa, iwe ya kamanda, ya mwanasiasa, ya Metre au ya mhubiri. Nilimwambia hivyo. Alisema, "Na ya katekista," na hakuwa anatania.

Alibaki na jambo moja. Neema, alisema, haifanyiwi mazoezi. Petro aliutegemea upanga akaishia kukata sikio. Mimi nikamuuliza kwa nini basi tunafunga Kwaresima, kwa nini tunapiga magoti kwenye sakafu ya saruji mpaka yanauma, kwa nini yeye huamka alfajiri kusali hata akiwa na homa. Kanisa linajua tangu zamani kwamba mwili lazima ufundishwe. Limeufundisha njaa na kukesha. Kuusimamisha mkono halijaufundisha, na hapa kwetu ndilo somo tunalolihitaji kabla ya mengine.

Kwaresima ilipofika papa aliniomba niyaeleze haya kwenye shirika, kwa kuwa fundisho la juma lile lilikuwa msamaha. Tulikutana uani kwetu, akina mama juu ya mikeka, wazee kwenye viti. Nikaeleza zoezi la shavu, nikaonyesha hata namna goti linavyopanda. Vijana walipenda. Mama mmoja mjane, ambaye mume wake aliuawa katika shamba lao la kakao, alisikiliza mpaka mwisho bila kutikisika.

"Mwalimu," akasema, "mimi sina mguu wa kusimamisha. Nina shavu tu. Na kila Jumapili ninaambiwa nilitoe."

Sikuwa na neno juu ya waliomuua mume wake. Walikuja na wakaenda, hawakuulizwa na mtu, na lolote nililojifunza uwanjani haliwafikii. Nikamwambia kile tu ninachokijua: kwamba klabuni hakuna anayewekwa pale mikono chini na mtu mwingine. Anaulizwa.

"Na akikataa?"

"Anarudi mstarini, mama. Hakuna anayemuuliza kwa nini."

"Basi mimi bado niko mstarini," akasema, na akavuta kitenge chake mabegani.

Papa alikuwa na karatasi ya fundisho mkononi, amelitayarisha tangu juzi. Aliikunja. Akauliza ni nani wenye nafasi Alhamisi ya kwenda kuvuna kakao pamoja na mama yule, maana peke yake haendi tena, na matunda yanamwozea mtini. Watu wakaanza kujitaja, vijana wa klabu na wazee pia, na majina yakaandikwa nyuma ya karatasi ileile.